Umeng'olewa jino? Lilinde bonge la damu (uzi mrefu kutoka Nakuru)

Mwalimu wa Lanet

Wanajukwaa, salamu kutoka Lanet, Nakuru. Nimeng'olewa gego la mwisho la chini, ufizi umejifunga vizuri, na nimeona niandike kirefu kwa sababu kila nikitaja jino watu hushika shavu na kubadilisha mazungumzo. Hapa kwetu tunaogopa sindano na koleo kiasi kwamba mtu hukaa na jino lililooza mpaka uso unavimba, huku akilipaka mafuta ya karafuu na kumeza vidonge viwili viwili vya dukani. Siku akipata ujasiri wa kwenda, jino linatoka, anamshukuru Mungu, kisha anafika nyumbani na kufanya mambo yatakayomrudisha kwa daktari akilia. Hofu yetu tumeiweka mahali pasipofaa. Kiti cha daktari hakinitishi tena. Siku tatu nne zinazofuata ndizo za kuchunga.

Nianze na kiti hata hivyo, maana najua ndicho mnachotaka kusikia.

Daktari alipiga kwanza eksirei aone mizizi ilivyokaa, kwa sababu mizizi ya magego ya mwisho ya chini wakati mwingine hupinda, au hukaribia mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya. Halafu akaniuliza maswali ambayo nawaomba msiyapite haraka haraka. Una presha? Sukari? Una mimba? Kuna dawa inayokudhuru? Umewahi kutokwa na damu ikakataa kukoma? Unatumia dawa za kuyeyusha damu, kwa mfano warfarin? Kwenu kuna selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell)? Swali hili la mwisho wenzetu wa Nyanza na Magharibi wajibu kwa makini, kwa kuwa ugonjwa huo uko katika familia nyingi za huko. Msifiche lolote. Na anayetumia dawa za kuyeyusha damu asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe eti anajiandaa kung'olewa. Amwambie daktari, wapange pamoja.

Sindano unaisikia, lakini kwa muda mfupi. Ya taya la chini huchomwa nyuma kabisa ya mdomo, na inatia ganzi nusu nzima ya taya, pamoja na nusu ya mdomo wa chini na ya ulimi. Moyo unaweza kwenda mbio kidogo, kwa kuwa ganzi hiyo mara nyingi huchanganywa na adrenalini ili ikae muda mrefu na damu isitoke nyingi. Inapita. Daktari akangoja, akanigusa ufizi kwa kitu chenye ncha, akauliza nasikia nini. Nikamwambia nasikia kuguswa tu. Akasema: "Utasikia nikisukuma, hutasikia maumivu. Ukisikia maumivu inua mkono wa kushoto, nitaacha papo hapo." Jambo hilo peke yake lilinituliza kuliko pole zote nilizopewa na majirani.

Hakuna aliyekuwa amenieleza kuhusu mlio. Jino linapolegezwa hutoa sauti ya kuvunjika inayopita kwenye mfupa moja kwa moja hadi sikioni, na bila kuambiwa unaweza kudhani taya limepasuka. Taya liko salama. Zile ni nyuzi zinazoshika mzizi zinaachia. Daktari halivuti jino hivi hivi. Analisukuma huku na huku polepole mpaka shimo linapanuka. Unasikia uzito mkubwa shavuni, kichwa kinasukumwa kwenye kiti, kisha mara uzito unaondoka. Limetoka.

Sasa ndipo nataka mnisikilize.

Nilikunjiwa shashi, nikawekewa juu ya kidonda na kuambiwa niume kwa nguvu dakika 30 hadi 45. Si kutafuna, si kuitoa kila mara kuangalia kama damu imekata. Kuuma tu. Nilipanda matatu ya kurudi Lanet nikiwa nimefunga mdomo, kondakta akauliza naenda wapi nikamwandikia kwenye simu. Katika muda huo damu inaganda ndani ya lile shimo na kufanya bonge. Bonge hilo ni sawa na gaga la kidonda cha goti: chini yake nyama mpya inaota, na ukilibandua kabla ya wakati unabaki na kidonda kibichi. Tofauti ni kwamba hapa kilichoko chini ni mfupa wenyewe.

Kwa hiyo kila sharti unalopewa linarudi kwenye bonge. Usisukutue kabisa saa 24 za kwanza, hata kwa maji ya chumvi. Naomba hili lisomwe mara mbili, kwa maana ndugu zetu wengi, mara tu ganzi ikiisha, husukutua kwa chumvi kwa nguvu zote wakidhani wanasafisha, kumbe wanaling'oa bonge. Usiteme mate kwa nguvu. Yaache yadondoke yenyewe kwenye karai au kwenye sinki. Usinywe kwa mrija, kwa sababu ule mfyonzo unalivuta. Usivute sigara, na kadiri unavyoweza kukaa bila sigara zaidi ya siku tatu ndivyo heri. Pombe iache pia. Wala usipeleke ulimi shimoni kuchunguza, ingawa ulimi utakuwashia kwenda huko siku nzima.

Baada ya saa 24 chumvi inakuwa rafiki. Nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, unaweka mdomoni, unainamisha kichwa upande huu na huu, unaacha maji yatoke yenyewe. Fanya hivyo baada ya kula. Meno mengine piga mswaki kama kawaida, ukipita mbali na kidonda.

Usiku wa kwanza weka mto wa ziada na taulo juu yake. Mate yatakuwa na rangi ya waridi. Tone moja la damu likichanganyika na mate linaonekana ni damu nyingi, usiogope. Ila damu yenyewe ikiwa inatiririka, keti wima, kunja shashi safi, uume tena nusu saa bila kufungua. Ukikosa shashi, ule mfuko mdogo wa majani ya chai uliolowekwa kisha ukapozwa unasaidia, kwa kuwa chai ina kitu kinachokaza mishipa midogo. Ikikataa, nenda hospitali hata kama ni usiku wa manane.

Dawa ya maumivu imeze kabla ganzi haijaisha, usingoje mpaka uanze kupiga mayowe. Mimi nilipewa ibuprofen na paracetamol. Mwenye vidonda vya tumbo au pumu amwambie daktari kabla ya kupewa ibuprofen. Aspirin isitumike kutuliza maumivu haya, maana inazidisha kutoka damu. Na viuavijasumu, yaani antibiotiki, sikupewa. Jirani yangu alishangaa, akaenda kunitafutia vidonge vya rangi mbili alivyobakiza mtoto wake. Nilimshukuru, nikavirudisha. Kung'olewa jino kwa mtu mwenye afya hakuhitaji dawa hizo kila mara, na kumeza nusu dozi ya mtu mwingine kunawazoesha wadudu dawa, zikishindwa siku tutakapozihitaji kweli.

Chakula: uji wa wimbi uliopoa, kwa kikombe. Viazi vilivyopondwa, ndizi mbivu, mayai laini, maziwa lala. Ugali laini kwa mrenda unashuka bila kutafunwa, na wenzetu wa Kakamega wana bahati hapo. Mahindi ya kuchoma, githeri, njugu na pilipili viache kwanza. Simsim nayo ni adui mdogo, punje moja ikiingia shimoni hutapata amani.

Uvimbe huongezeka mpaka siku ya pili au ya tatu ndipo uanze kushuka. Siku ya kwanza nilijiwekea barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, naweka kidogo, natoa kidogo. Nikiamka shavu limejaa sikushtuka, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa.

Mwenye swali aulize. Yaliyo juu ya uwezo wangu najua humu kuna wataalamu.

Mkulima wa Njoro

Asante sana mwalimu. Mimi shida yangu ni tofauti kidogo. Meno yangu ya mbele ni ya kahawia tangu utotoni, na binti yangu ameanza kuota meno yenye madoa. Shangazi yake anasema tuyang'oe mapema yaote mengine meupe. Tunatumia maji ya kisima. Nifanyeje?

Kinywa Kakamega

Mkulima, nimesoma swali lako nikaacha kazi nyingine kwanza. Nafanya kazi ya afya ya kinywa huku Kakamega na nimewahi kuhudumia watu wa Njoro, Gilgil na Naivasha. Usimng'oe mtoto jino kwa sababu ya rangi. Tafadhali. Meno ya utu uzima yakishang'olewa hayaoti tena, na yale ya utotoni yakitolewa mapema yanayofuata huota yamepinda kwa kukosa nafasi.

Madoa hayo yanatokana na madini ya floraidi yaliyozidi kwenye maji ya ardhini ya Bonde la Ufa, yanayotoka kwenye miamba ya volkano. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya upande wenu vinapita hapo. Floraidi huharibu jino wakati bado linajengwa ndani ya taya, yaani miaka ya kwanza 8 hivi ya maisha. Jino likishatoka limejengwa, hakuna kuongezeka kwa madoa hayo. Kwa hiyo wa kulindwa ni wadogo zake binti yako, na yeye mwenyewe kwa meno ambayo bado hayajatoka. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke yanayobaki huwa nayo zaidi. Maji ya mvua ni salama kwa upande huo. Pia kuna vichujio vya mkaa wa mifupa, ambavyo Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imevifanyia kazi kwa miaka mingi. Ulizia hapo. Na binti akikua, kama rangi inamkosesha raha, daktari anaweza kuipunguza au kuyafunika meno hayo bila kung'oa hata moja.

Nyar Kondele

Habari zenu. Niko Kisumu. Niling'olewa gego la chini wiki hii. Siku ya kwanza na ya pili nilikuwa nafuu, nikaenda hata sokoni Kibuye. Tangu jana maumivu yamerudi kwa kishindo, yanapanda sikioni mpaka kwenye paji. Mdomo una harufu mbaya na ladha mbaya. Nimemeza dawa zote nilizopewa hazisaidii kitu. Mama mkwe amenichemshia majani niyaweke hapo. Je, ni kawaida?

Mwalimu wa Lanet

Pole sana dada. Usiweke majani, tafadhali, hata kama mama ameyachemsha kwa upendo. Ngoja mtaalamu akujibu. Ila nikuulize: ukijiangalia kwenye kioo, ndani ya shimo unaona kitu chekundu cheusi, au unaona uwazi tu?

Nyar Kondele

Uwazi. Kwa chini ni kijivu hivi, kama mfupa.

Kinywa Kakamega

Dada yangu, maelezo yako ni ya tundu kavu. Bonge la damu limetoka au limeyeyuka mapema, mfupa umebaki wazi, hewa na chakula vinaugusa. Huanza siku ya pili mpaka ya nne hivi, na dalili yake kubwa ni hiyo hiyo: mtu alikuwa anapata nafuu, kisha maumivu yanageuka kuwa makali na kupanda sikioni. Kwa meno ya kawaida hupatwa watu 2 hadi 5 hivi katika kila 100. Kwa magego ya mwisho ya chini ni zaidi ya hapo. Wavutaji sigara wako hatarini zaidi, na wanawake wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi pia. Wengine hupatwa hata baada ya kufuata masharti yote, kwa hiyo asije mtu hapa kukulaumu.

Rudi leo kwa aliyekung'oa. Ukishindwa, nenda kitengo cha meno cha hospitali yoyote iliyo karibu. Watakuosha shimo taratibu kwa maji safi ya chumvi, kisha watakuwekea dawa ndani, mara nyingi yenye mafuta ya karafuu. Nafuu huja upesi, pengine ndani ya saa chache. Wanaweza kukubadilishia dawa hiyo baada ya siku moja mbili mpaka ufizi uote. Usikubali kukwanguliwa shimo bila ganzi ili damu itoke upya, na usikimbilie viuavijasumu peke yake, kwa sababu shida iliyopo ni mfupa ulio wazi. Kama una homa, au usaha unatoka, hilo ni jambo jingine na watakupima.

Mafuta ya karafuu ya chupa usijimiminie mwenyewe nyumbani, yanaunguza ufizi.

Mzee wa Alego

Nawasoma nikiwa Siaya. Sisi wa rika langu tumekua tukiwaona baba na babu zetu wakiwa na pengo la meno sita ya chini ya mbele. Hiyo ilikuwa desturi ya Waluo ya kumwingiza kijana utu uzima, wa kiume kwa wa kike. Hakukuwa na sindano. Kijana alilala chali, fundi akayatoa kwa chuma, na hakutakiwa kulia. Wazee walituambia pengo lilifaa pia kumpitishia mgonjwa uji iwapo taya limekazana kwa pepopunda. Desturi hiyo imekwisha na siililii.

Ninacholilia ni kitu kingine ambacho bado kipo. Mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, kuna mama atakayeambiwa ana meno ya uongo ndani ya ufizi, na atampeleka kwa mtu mwenye wembe au spoki ya baiskeli kuyachokoa. Nimezika mjukuu wa ndugu yangu kwa jambo hilo. Kwa kuwa mnazungumzia meno, nawaomba mlizungumzie na hili.

Kinywa Kakamega

Heshima yako mzee, na pole kwa msiba huo. Umesema lililonikaa moyoni miaka yote ya kazi hii.

Kile kinachoonekana cheupe kwenye ufizi wa mtoto ni chonge lake la utotoni likiwa bado linajengwa. Kila mtoto analo. Ukilichokoa unamfungulia kidonda mtoto ambaye tayari amepungukiwa maji mwilini. Anatokwa na damu ambayo mwili wake mdogo hauna ya kupoteza, na chombo kichafu kinaweza kumwingizia pepopunda na maambukizi ya damu. Akipona, jino la utu uzima linaloota chini yake mara nyingi huja limeharibika au halitokei kabisa. Na kuharisha kwake kunabaki pale pale, kwa sababu hakukutoka kwenye jino.

Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvi na sukari ya pakiti, vidonge vya zinki, aendelee kunyonya, na apelekwe kituo cha afya. Akina nyanya mnaosikilizwa nyumbani, sauti zenu zinafika kuliko zetu. Mwambieni binti mkwe hivyo kabla hajaambiwa kingine.

Boda wa Kaptembwa

Mwalimu, mimi nimepangiwa kung'olewa Jumatatu. Ni gego la chini lakini si la mwisho, ni la kabla yake. Nikitoka hapo naweza kurudi kwenye pikipiki? Siku bila kazi ni siku bila unga. Na lile pengo litabaki hivyo milele?

Mwalimu wa Lanet

Ndugu, naielewa hali. Lakini siku hiyo usiendeshe, jipe nafasi na kesho yake ukiweza. Kubeba magunia na kuinama kunapandisha shinikizo la damu, na kidonda huanza kutoka upya. Kama unaweza kupanga tarehe, iwe siku ambayo biashara ni ndogo. Ukirudi barabarani funga uso wa kofia ya pikipiki, vumbi la Kaptembwa tunalijua. Na usinunue miwa njiani. Kutafuna na kufyonza muwa ni mambo mawili mabaya kwa pamoja. La pengo nampisha mtaalamu.

Nyar Kondele

Nimerudi kutoka kliniki. Ilikuwa tundu kavu kweli. Wameosha, wakaweka kitambaa chenye dawa inayonukia karafuu. Nilipofika Mamboleo nikiwa kwenye matatu maumivu yalikuwa yameshuka nikaweza kusinzia. Nimeambiwa nirudi keshokutwa kibadilishwe. Mama mkwe nimemsomea uzi huu wote kwa Kijaluo na majani ameyamwaga. Mungu awabariki.

Kinywa Kakamega

Nimefurahi sana, dada. Endelea na uji.

Boda, ufizi utafunika shimo kwa wiki tatu nne hivi, na ndani mfupa utaendelea kujijaza kwa miezi kadhaa. Gego la mwisho likitoka halihitaji kuzibwa. Lako si la mwisho, kwa hiyo la nyuma yake huweza kulalia mbele, na la juu likashuka kwa kukosa la kukutana nalo. Baada ya miezi michache muulize daktari kuhusu jino la kubandika la kuvaa na kuvua, ndilo la bei nafuu, au la kudumu ukijaliwa. Kabla hata ya hayo, muulize Jumatatu kama jino hilo bado linaweza kuokolewa kwa kusafishwa mzizi na kuzibwa. Wakati mwingine linaweza. Na hakikisha anayekuhudumia ana leseni. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya linaweka orodha yake mtandaoni, unatafuta jina tu.

Nyote mnaosoma, msingoje asubuhi mkiona haya baada ya kung'olewa jino au hata kabla: uvimbe unaoshuka chini ya kidevu na kuingia shingoni, mdomo kushindwa kufunguka, mate kushindwa kumezwa, sauti kubadilika, au kupumua kwa shida. Maambukizi yakifika hapo yanaweza kuziba njia ya hewa ndani ya saa chache. Huyo si mgonjwa wa kliniki ya meno tena, ni wa chumba cha dharura cha hospitali kubwa, apelekwe akiwa ameketi wima, asilazwe chali.